John Ambrose Fleming: Mwalimu Aliyeutilia Umeme Mlango

Ukipita karibu na darasa la Kidato cha Nne wakati wa mtihani wa Fizikia utaona kioja. Wanafunzi wazima, wengine ndevu zimeanza kuchipuka, wameinua mkono wa kushoto na kunyoosha vidole vitatu, kila kimoja upande wake, kana kwamba wanaapizana. Hawaapizani. Wanatafuta waya utasukumwa kuelekea wapi. Kidole gumba ni mwendo, kidole cha shahada ni uga wa sumaku, kidole cha kati ni mkondo wa umeme. Kanuni hiyo tunaiita ya Fleming. Tunaikariri, tunapata alama zetu mbili, tunasonga mbele. Ni wachache mno kati yetu waliowahi kuuliza huyo Fleming alikuwa mtu wa wapi, aliishi vipi, na alikuwa na shida gani hata akaanza kuhesabu umeme kwa vidole.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kichama. Tulikuwa na mjadala, hoja ikiwa kwamba sayansi haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili ikaeleweka. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Ndugu mmoja wa upande wa kuunga alisimama akanitaka nieleze, bila kuchanganya ndimi, kwa nini redio iliyounganishwa na stima hunguruma hata kama stesheni imeshikwa vizuri. Kengele ikalia kabla ya zamu yangu ya kujibu. Basi jibu lake ni hili, nalo limo ndani ya maisha ya mzee huyu. Sababu ya pili mtaiona wenyewe huko mbele: Fleming alifanya makubwa huku masikio yake yakizidi kuziba, na sifa nyingi za kazi yake zikaenda kwa wengine.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1849 mjini Lancaster, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, James Fleming, alikuwa mhubiri. Familia ilihamia London angali mdogo, na alipofika umri wa miaka 11 tayari alikuwa na karakana yake mwenyewe, akiunda vijimashua na vijiinjini. Hata kamera alijitengenezea. Wale wenzetu wa bwenini wanaofungua kila saa mbovu wajue kwamba hawako peke yao.

Kijana alitaka kuwa mhandisi. Lakini siku zile mwanagenzi wa uhandisi alilipa ada kubwa kwa kampuni iliyomfundisha, na mfuko wa mhubiri haukufika huko. Hadithi hii haihitaji kufafanuliwa huku kwetu. Ni wangapi tunaowajua, Kisii na Nyamira, walioitwa chuoni na bonasi ya majani chai ya mwaka huo ikakataa kutosha? Fleming alijiunga na University College, London, pesa zikamwishia njiani, akaajiriwa ukarani katika soko la hisa. Mchana alinakili hesabu za matajiri, jioni alikaa na vitabu vyake. Shahada aliipata mwaka 1870.

Baada ya hapo akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1874 Chama cha Fizikia cha London kilipoanzishwa, makala ya kwanza kabisa kusomwa mbele ya wanachama ilikuwa yake. Alikuwa hajafika miaka 25. Aliendelea kufundisha, akaweka akiba ya mshahara, na mwaka 1877 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kuanza tena kama mwanafunzi, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 28. Katika umri huo wengi huona haya kukaa dawati moja na vijana.

Kilichompeleka Cambridge ni mtu mmoja, James Clerk Maxwell, yule aliyeunganisha umeme, sumaku na mwanga katika nadharia moja. Maxwell alikuwa bingwa wa kufikiri, lakini mihadhara yake ilikuwa migumu kufuatwa na ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Kuna siku msikilizaji alikuwa Fleming na labda mtu mmoja mwingine. Maxwell alifariki Novemba 1879. Mimi naona hapa ndipo Fleming alipojifunza jambo ambalo halikuwa kwenye mihadhara yenyewe, kwamba kujua ni kitu kimoja na kumfanya mwenzio ajue ni kitu kingine kabisa.

Mwaka 1885 alifanywa profesa wa ufundi wa umeme katika University College, London, kile kile chuo kilichomshinda kwa karo. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 41. Alipoanza, vifaa alivyopewa vilikuwa ubao na chaki. Basi! Hakuna galvanometa, hakuna waya, hakuna sumaku. Sisi tunaosoma katika maabara ambamo betri mbili hugawanywa kwa makundi sita tunaweza kumwelewa. Kwa kuwa wanafunzi wake walichanganyikiwa kila mara juu ya upande ambao mkondo, uga na mwendo huelekea, aliwapa kifaa ambacho hakuna bohari inayoweza kukinyima, yaani mkono. Wa kushoto kwa mota, wa kulia kwa jenereta. Zaidi ya miaka 100 imepita na kifaa hicho hakijaharibika.

Sasa tuje kwenye mlango.

Kabla ya uprofesa, mwaka 1882, Fleming alikuwa ameajiriwa kuwa mshauri wa kampuni ya taa za Edison huko London. Balbu za siku zile zilikuwa na tatizo. Baada ya kuwaka kwa muda, kioo kiliingia weusi kwa ndani. Edison mwenyewe, huko Marekani, alikuwa ameona kwamba akiweka kipande cha chuma ndani ya balbu, karibu na uzi unaowaka lakini bila kuugusa, mkondo mdogo wa umeme huruka ule utupu na kufika kwenye chuma. Lakini huruka pale tu chuma kinapounganishwa upande chanya. Ukikiunganisha upande hasi, kimya. Edison aliiandikia haki ya uvumbuzi, akaendelea na biashara yake. Fleming alifanya majaribio mengi juu ya balbu hizo, akaandika makala, kisha akaziweka kabatini. Sababu ya jambo lile haikujulikana hadi J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897. Uzi wa balbu ukipata moto sana hutoa elektroni, na kwa kuwa elektroni ni hasi, chuma kilicho chanya huzivuta na kilicho hasi huzifukuza.

Mwaka 1899 Fleming akawa mshauri wa kisayansi wa kampuni ya Guglielmo Marconi. Marconi alitaka kupeleka ishara bila waya kuvuka bahari ya Atlantiki, jambo ambalo wengi walilicheka. Mitambo yake ya awali ilikuwa midogo, ya meza. Fleming ndiye aliyebuni mtambo mkubwa wa kurushia ishara uliojengwa Poldhu, kusini magharibi mwa Uingereza. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi, akiwa Newfoundland na waya ulioinuliwa juu kwa tiara, alisikia herufi S ikipigwa kutoka Poldhu. Dunia ilishangilia, na aliyeshangiliwa ni Marconi. Mwaka 1909 Marconi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Ferdinand Braun. Fleming hakupewa. Simwoni Marconi kuwa mwizi, kwa maana ndoto na ujasiri vilikuwa vyake. Lakini ni jambo la kutia uchungu kwamba mtu anaweza kujenga jiko, kupasua kuni na kuwasha moto, kisha watu wakamsifu aliyepakua.

Zaidi ya hayo masikio yake yalikuwa yanamtupa mkono. Ishara za redio siku zile zilisikizwa kwa kifaa cha masikioni, na mtu anayeziwia hawezi kushinda akisikiliza mikwaruzo hafifu. Fleming alitaka kuziona ishara badala ya kuzisikia. Alikuwa na galvanometa ya kioo: kijioo kidogo kinachogeuka mkondo ukipita, kikitupa doa la mwanga kwenye kipimio. Shida ni kwamba ishara ya redio ni mkondo geu. Huenda mbele na kurudi nyuma maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja. Kijioo kikisukumwa kulia kabla hakijasogea kimesukumwa kushoto, basi kinabaki pale pale kana kwamba hakuna kitu.

Mwaka 1904 ndipo alipokumbuka balbu zake za kabatini. Ikiwa ndani yake umeme huenda upande mmoja tu, si zitauachia ule mkondo wa mbele na kuuzuia ule wa nyuma? Alimwambia msaidizi wake atayarishe mitambo, wakazitoa, wakazijaribu. Doa la mwanga likasogea! Tarehe 16 Novemba 1904 aliomba haki ya uvumbuzi, na chombo chake akakiita valvu, kwa sababu kilifanya kwa umeme kazi ambayo valvu ya pampu hufanya kwa maji, yaani kupitisha huku na kufunga kule. Kwa lugha yetu ya leo hiyo ni diodi ya kwanza ya utupu. Kwa haki ni lazima niseme kwamba Braun alikuwa ameona tangu 1874 kwamba madini fulani hupitisha umeme upande mmoja zaidi ya mwingine. Ila chombo kilichofungua zama za elektroniki ni valvu ya Fleming.

Sasa nijibu lile swali la mjadala, na hapa naomba msomaji atulie kidogo.

Stima inayofika nyumbani kwetu ni mkondo geu. Chukua mfano wa mtambo wa Sondu Miriu, uliofunguliwa mwaka 2008 ukiwa na uwezo wa megawati 60 kutokana na maji ya Mto Sondu, mto unaopita mpakani kaskazini mwa Nyamira. Jenereta zake huzunguka, na umeme unaotoka hupanda na kushuka, mbele na nyuma, mizunguko 50 kila sekunde. Balbu ya sebuleni haijali. Lakini redio, simu na amplifaya ya kanisa hutaka mkondo mnyoofu, wa upande mmoja, kama wa betri. Kwa hiyo ndani yake kuna transfoma ya kupunguza volti 240, kisha diodi, yaani mlango wa Fleming, siku hizi umetengenezwa kwa silikoni na ni mdogo kuliko punje ya mchele.

Diodi moja huacha nusu ya mbele ipite na kuizuia nusu ya nyuma. Je, umeme umenyooka? Umenyooka upande, haujanyooka kimo! Unachopata ni nundu, kisha pengo tupu, nundu, pengo, mara 50 kwa sekunde. Ukitumia diodi nne zilizopangwa kama pembe nne, mpango uliobuniwa na Mpolandi Karol Pollak katika miaka ya 1890, ile nusu ya nyuma nayo hugeuzwa ikaja mbele, na nundu zinakuwa 100 bila mapengo marefu. Bado ni nundu tu. Redio ikilishwa nundu hizo itanguruma vibaya.

Dawa yake ni kapasita. Na kapasita, ndugu yangu, si kitu kigeni kwa mtu wa huku. Ni tangi la maji. Kisii na Nyamira mvua hupenda kuja alasiri. Inanyesha saa moja au mbili, bati linamwaga maji kwenye mtaro, mtaro kwenye tangi. Mvua haiji asubuhi, lakini mama akifungua bomba la tangi asubuhi maji yanatoka. Kutoka mvua moja hadi nyingine kimo cha maji hushuka kidogo, mvua ikija kinapanda tena. Kupanda na kushuka huko kwa kimo ndiko ninakokuita viwimbi. Kapasita hujazwa na kilele cha kila nundu, na nundu inaposhuka kapasita ndiyo huilisha redio hadi nundu ifuatayo. Volteji haifiki sifuri tena, lakini haikai palepale vilevile. Inacheza juu na chini kidogo.

Kutokana na tangi utajua mambo matatu bila mwalimu. Watu wakichota zaidi, kimo kitashuka zaidi. Mvua zikija karibu karibu, kitashuka kidogo. Tangi likiwa pana, maji yale yale yakichotwa kimo hakitikisiki sana. Hesabu yake ni hiyo hiyo: chukua mkondo ambao redio inatumia kwa ampea, ugawanye kwa idadi ya nundu kwa sekunde, kisha ugawanye tena kwa ukubwa wa kapasita kwa faradi. Tuseme redio inatumia ampea 0.1 na kapasita ni maikrofaradi 1000, ambazo ni faradi 0.001. Kwa diodi moja, nundu 50, viwimbi vitakuwa na kimo cha volti 2. Kwa diodi nne, nundu 100, volti 1. Badilisha kapasita uweke ya 2200, vitashuka hadi kama volti 0.45. Hesabu hii huzidisha kidogo, kwa sababu inadhani kapasita huchotwa muda wote kati ya kilele na kilele, lakini fundi hahitaji zaidi ya hapo.

Mtu atasema, basi tuweke kapasita kubwa kama ndoo tumalize maneno. La hasha! Kapasita hujazwa kwa dakika chache tu za mvua, yaani pale karibu na kilele peke yake. Ikiwa ni kubwa mno, mkondo wa kuijaza huja kwa kishindo kikubwa cha muda mfupi, hasa unapowasha mara ya kwanza, na diodi zinaweza kuungua. Mtaro mwembamba haupitishi gharika.

Haya si ya kitabuni tu. Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake, kuna fundi mmoja wa redio ambaye tulimtembelea wanachama wanne siku ya likizo. Ni mzee wa makamo, meza yake imejaa redio zilizopasuliwa matumbo. Alikuwa na amplifaya iliyoletwa kutoka kanisa moja la mashambani. Waumini walikuwa wamechoka, kila mhubiri akinyamaza kupumua, spika zinajaza nafasi kwa mmmm ndefu. Mzee hakuchukua mita kwanza. Aliiwasha, akainamisha kichwa, akasikiliza, akatuambia mara moja kwamba huo ni mngurumo wa nundu 100. Kumbe ana sikio la kutofautisha! Ule wa 50 ni mzito zaidi, alitueleza, na ukiusikia ujue diodi mojawapo imekufa au kuna waya usiokaa vizuri. Ule wa 100 mara nyingi ni kapasita kuzeeka. Ndani ya kapasita za aina hiyo kuna majimaji, na miaka ikipita, hasa karibu na kitu cha joto, hukauka. Tangi linabaki kubwa kwa nje lakini ndani limejaa matope. Maandishi yanasema 1000, kumbe imebaki 250, na viwimbi vya redio yetu ya mfano vimetoka volti 1 hadi 4. Alituonyesha kichwa cha ile kapasita, kilikuwa kimevimba kama mandazi. Kabla ya kuigusa aliitoa umeme kwa kipande cha kizuio, akatuonya kwamba kapasita kubwa huuma hata baada ya kuchomolewa ukutani. Naomba wenzangu wa bwenini walitie hilo akilini.

Nilipomsikiliza mzee yule ndipo nilipolielewa jambo moja juu ya Fleming ambalo vitabu vyetu hupita haraka. Valvu yake ya 1904 nayo ilitoa nundu. Lazima, kwa sababu mlango ni mlango, haulainishi kitu. Mbona hakulalamika? Kwa sababu kijioo cha galvanometa yake kilikuwa kizito na cha polepole kikilinganishwa na nundu zile. Hakikuweza kuzifuata moja moja, basi kikasimama kwenye wastani wake. Kijioo ndicho kilichokuwa tangi. Na yeye mwenyewe, akiwa mziwi, asingeusikia mngurumo hata kama ungekuwepo. Viwimbi viliwangojea watakaokuja baadaye, wale waliotaka redio ya kusikilizwa sebuleni ikitumia umeme wa ukutani. Utangazaji ulipoanza Nairobi mwaka 1928 ulibebwa na valvu, uzao wa ile ya Fleming. Na redio za ukutani zilipoenea, ndani yake kulikuwa na valvu ya kunyoosha mkondo na kapasita za kuulainisha, pamoja na mafundi wa kuinamisha vichwa kuzisikiliza.

Turudi kwa maisha yake. Haki ya uvumbuzi wa valvu ilikuwa mali ya kampuni ya Marconi, kulingana na mkataba. Halafu Mmarekani Lee de Forest akaongeza waya wa tatu ndani ya balbu, katikati ya uzi na chuma, akapata chombo kinachoweza kukuza ishara badala ya kuinyoosha tu. Fleming aliona kwamba ni valvu yake iliyotiwa nyongeza, de Forest akakana kabisa, na uadui wao ukadumu maisha yao yote. Mwaka 1916 mahakama ya Marekani iliamua kwamba de Forest ameingilia haki ya Fleming, na upande wa Marconi nao haukuwa na ruhusa ya kutumia ule waya wa tatu. Yaani huyu ana mlango, yule ana kitasa, na hakuna anayeruhusiwa kujenga nyumba! Mwaka 1943 Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliamua kwamba haki ya Fleming haikuwa halali nchini humo. Yeye alikuwa na miaka 93. Binafsi naona de Forest alistahili sifa ya waya wake wa tatu, maana bila huo hakuna amplifaya. Lakini kukana kwamba alipanda juu ya mabega ya Fleming hakukumfaa.

Nyumbani, Fleming alimwoa Clara Pratt mwaka 1887, akafiwa naye mwaka 1917. Hawakujaliwa watoto. Alistaafu ualimu mwaka 1926, na mwaka 1929 mfalme akampa cheo cha Sir. Hapo wengi wangetulia kwenye kiti cha uvivu. Yeye alikubali kuwa rais wa Chama cha Televisheni, kitu ambacho wakati huo kilikuwa bado ni mchezo wa wachache, na mwaka 1933, akiwa na miaka 83, akaoa tena. Mkewe wa pili, Olive Franks, alikuwa mwimbaji. Mziwi akamwoa mwimbaji! Mabibi na mabwana, nimelipindua jambo hili mara nyingi kichwani na bado nalipenda.

Alikuwa pia mtu wa dini sana, mwana wa mhubiri kweli kweli, na alibishana hadharani na wafuasi wa nadharia ya mageuko ya viumbe. Katika hilo wanasayansi wenzake wengi hawakumfuata, na mwalimu wetu wa Bayolojia asingemfuata pia.

Mwaka 1939 alisimama mbele ya kile Chama cha Fizikia akasoma makala yake ya mwisho, miaka 65 baada ya ile ya kwanza. Alifariki tarehe 18 Aprili 1945 huko Sidmouth, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, akiwa na umri wa miaka 95. Uzi wake wa moto ulikuwa bado unawaka katika redio karibu zote duniani. Diodi za silikoni zilikuja kuuzima miaka iliyofuata.

Kwa wale ambao bado wanadhani viwimbi ni hadithi, osiloskopu ya maabara yetu imetengenezwa na mwalimu ametuachia siku ya Jumatano baada ya vipindi. Tutaunganisha diodi moja, halafu nne, kisha tutaweka kapasita na kuitoa, mjionee nundu zikilainika na kurudi. Waliokuwa upande wa kuunga hoja ile wamealikwa kwanza. Maelezo yote yatatolewa kwa Kiswahili.